"Njema, Ila...": Masimulizi ya Safari za Ulaya Yakisomwa Kutoka Kilelengwani

Utangulizi

Msafiri anaporudi katika jamii ya Waswahili huulizwa, "Habari za safari?" Naye hujibu, "Njema," hata kama njiani amezika. Baada ya kutua pumzi ndipo huongeza, "ila..." Hapo ndipo habari zenyewe huanzia. Makala hii inauchukua muundo huo wa maamkizi kuwa kanuni ya usimulizi, na inaitumia kanuni hiyo kupimia aina moja ya maandishi ambayo wanafunzi wa Kiswahili wanaifahamu vyema: insha ya mwanafunzi aliyekwenda kusoma muhula mmoja Ulaya kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, akapanda basi la ziara pamoja na wenzake wa mataifa mengine, wakazuru miji minne au mitano katika siku chache. Tangu mpango wa Umoja wa Ulaya uitwao Erasmus+ uanze mwaka 2014, nafasi za namna hii zimefikia vyuo vya Afrika pia, na insha za aina hiyo nazo zimepata waandishi wapya.

Insha hizo zina sura moja. Basi linaondoka alfajiri. Wasafiri wanafika Prague, wanaona daraja. Wanafika Vienna, wanaona kasri. Wanafika Budapest, wanaona taa za usiku juu ya mto. Wanapiga picha, wanarudi wamechoka na kufurahi, na mwisho mwandishi anawashukuru wafadhili. Hakuna uongo hapo. Tatizo ni kwamba msimulizi amesema "njema" mara tano na hakufika kwenye "ila".

Insha hizi zinasomwa hapa kutoka Kilelengwani, kijiji cha Delta ya Tana upande wa Kipini, katika eneo la Garsen. Kituo hiki hakikuteuliwa kwa bahati nasibu. Wakenya wengi waliokisikia kijiji hiki walikisikia mara moja tu, tarehe 10 Septemba 2012, vyombo vya habari vilipotangaza kwamba watu 38 wameuawa hapo, 9 kati yao wakiwa askari polisi, katika mapigano yaliyowakabilisha Wapokomo ambao ni wakulima na Waorma ambao ni wafugaji. Wiki tatu kabla ya hapo, watu zaidi ya 50 walikuwa wameuawa Riketa, katika delta hiyo hiyo. Kilelengwani basi ni mahali palipotazamwa na wageni kwa haraka, wakapanakili kwa tukio moja, wakaondoka. Msomaji aliyeketi hapo ana haki ya kuuliza miji ya watu inatazamwaje na yule anayeiona kwa saa tatu kupitia kioo cha basi.

Waliotangulia

Usimulizi wa safari za Ulaya kwa Kiswahili una umri wa zaidi ya karne moja. Sultani Barghash wa Unguja alizuru Uingereza mwaka 1875 akiwa na ujumbe wake, lakini masimulizi ya safari ile yaliandikwa kwa Kiarabu. Nathari ya Kiswahili ilipata nafasi yake baadaye kidogo, na ilipata nafasi hiyo Berlin. Chuo cha Lugha za Mashariki kilifunguliwa huko mwaka 1887, na walimu wake Wajerumani walihitaji wasemaji wa asili wa kuwasaidia kufundisha Kiswahili. Mmoja wao alikuwa Amur bin Nasur kutoka Unguja, ambaye maandishi yake juu ya maisha yake na juu ya mji wa Berlin yamo katika diwani ya C. G. Büttner iliyotoka mwaka 1894. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha mkusanyiko wa Safari za Wasuaheli. Humo, pamoja na safari za bara la Afrika, mna simulizi ya Selim bin Abakari, Mngazija aliyefuatana na bwana wake Mjerumani, Bumiller, mwaka 1896 kutoka Berlin kupitia Urusi hadi Siberia, na kurejea kupitia nchi za Waislamu za Asia ya Kati.

Maandishi haya huchukuliwa na baadhi ya wasomi kuwa ushahidi wa mshangao wa Mwafrika mbele ya maendeleo ya Mzungu. Usomaji huo ni mwepesi mno. Kwanza, waandishi hawa waliandika kwa kuombwa, na aliyewaomba ndiye aliyekuwa mwajiri, mhariri na msomaji wao wa kwanza. Mtu anayesimulia habari za Berlin mbele ya mwenyeji wa Berlin hana budi kukaa muda mrefu kwenye "njema". Pili, katika safari ya Selim kuna mgeuko ambao hauwezi kuelezwa kwa mshangao. Mtumishi aliyetoka Afrika Mashariki, ambaye Ulaya ilimtazama kama kitu cha ajabu, anafika mbali kabisa na pwani anakotoka na kuwakuta watu wanaosali kama anavyosali yeye. Hapo cheo cha msafiri kinabadilika. Bwana wake Mzungu ndiye mgeni, na yeye ni ndugu katika dini. Ramani ya safari ile ilichorwa na Bumiller, lakini ramani ya mahali pa kujisikia nyumbani ilikuwa ya Selim peke yake.

Ni vyema kukumbuka pia kwamba katika miaka hiyo hiyo Ulaya ilikuwa imekwisha kuifikia delta. Mwaka 1878 Clemens Denhardt na G. A. Fischer waliupanda Mto Tana. Mwaka 1885 Ujerumani ilitangaza himaya yake juu ya Witu, mji ulio karibu kabisa na Kipini, na mwaka 1890 ikaiachia Uingereza eneo hilo katika mkataba uliohusu Unguja na kisiwa cha Helgoland. Mwezi Septemba mwaka huo Küntzel na Wajerumani wenzake waliuawa Witu, na mwezi uliofuata Waingereza wakauteketeza mji. Wasafiri waliokuja kutazama waliandika walichokiona, na maandishi yao yakawa mipaka. Hivyo mwanafunzi anayetoka delta na kupita Berlin leo hapiti mahali pasipomjua.

Nafsi ya "tu-"

Kiambishi cha nafsi ya kwanza wingi ndicho chombo kikuu cha insha za basi: tuliondoka, tukafika, tukala. Kisarufi, "tu-" ya Kiswahili haitofautishi baina ya sisi pamoja nawe na sisi bila wewe, kama zifanyavyo baadhi ya lugha za dunia. Aidha, haisemi ndani ya hao "sisi" nani anaamua na nani anafuata. Katika simulizi za misafara ya bara, "tu-" humkusanya mwenye msafara, mpagazi na mtumwa katika silabi moja. Katika simulizi ya Selim, silabi hiyo inamkusanya bwana na mtumishi wake. Msomaji makini hana budi kuipasua silabi hiyo kila anapokutana nayo.

Je, katika basi la wanafunzi mna nani ndani ya "tu-"? Kwa mtazamo wa kwanza wote ni sawa: umri mmoja, tiketi ya bei moja, viti vya aina moja. Hata hivyo, chukua mfano wa ziara inayoanzia Ujerumani kwenda Paris na kisha London. Mwanafunzi Mkenya mwenye kibali cha ukaazi cha Ujerumani anaweza kuingia Ufaransa bila viza nyingine, kwa sababu nchi zote mbili zimo katika mapatano ya Schengen yaliyotiwa saini mwaka 1985. Uingereza haimo. Kwa mkataba wa Le Touquet wa mwaka 2003, ukaguzi wa kuingia Uingereza hufanyika Calais, kwenye ardhi ya Ufaransa. Kabla ya Uingereza kujitoa katika Umoja wa Ulaya mwaka 2020, Mtaliano na Mjerumani waliokuwa katika basi hilo walipita kwa kuonyesha kitambulisho, ilhali Mkenya alipaswa kuwa ameomba viza ya pili, na kuilipia, majuma kadhaa kabla. Asiyekuwa nayo alibaki Paris siku mbili akiwangojea wenzake. Huyo akirudi na kuandika "tulikwenda Paris na London", sarufi yake ni sahihi na habari yake ni pungufu. Na akiandika "wao walikwenda London, mimi nikabaki", sentensi hiyo moja inampa msomaji Ulaya zaidi kuliko kurasa tatu za minara.

Kiswahili kina njia nyingi za kuipasua "tu-" bila kelele. Kuna "sisi sote", kuna "mimi na wenzangu", kuna "wenzangu nami", ambapo hata mpangilio wa maneno unadokeza nani yuko mbele. Kuna pia kuhama kutoka wingi kwenda umoja katikati ya aya: "tukashuka, tukapanga foleni, nikaitwa kando". Mwandishi anayeijua lugha hahitaji kulalamika. Kiambishi kimoja kinamtosha.

Saa za dereva

Wahakiki wa riwaya hutofautisha wakati wa tukio na wakati wa usimulizi. Katika ziara ya basi kuna wakati wa tatu ambao hautajwi katika vitabu vya nadharia, nao ni wakati wa dereva. Kwa kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2006, dereva wa basi akiendesha saa nne na nusu hana budi kupumzika dakika 45, na kwa kawaida haendeshi zaidi ya saa tisa kwa siku. Kifaa maalumu ndani ya basi hurekodi yote hayo. Kwa hiyo mahali ambapo wanafunzi wanakaa kwa utulivu zaidi si mbele ya kasri la Vienna, ambako wanahesabiwa dakika, bali katika kituo cha mafuta kando ya barabara kuu, dereva akinywa kahawa na saa yake ikitembea. Hapo ndipo watu huzungumza. Hapo mwanafunzi huulizwa kwa mara ya kwanza kwao ni wapi hasa. Insha karibu zote hukiruka kituo hicho kwa neno "tukaendelea".

Msomaji wa Kilelengwani hawezi kukiruka, kwa kuwa katika barabara yake kungoja ndiyo safari. Kabla ya daraja la Garsen kujengwa, magari yalivushwa mto kwa kivuko, na abiria walisubiri zamu. Mafuriko ya mwaka 1997 na 1998 yaliikata barabara hiyo, na mafuriko ya mwaka 2023 yakaikata tena. Baada ya mashambulizi ya mwaka 2014 upande wa Lamu, mabasi yaliyopita Garsen na Minjila kuelekea huko yalilazimika kwenda kwa msafara wa polisi: abiria wanangoja magari yakusanyike, vitambulisho vinatazamwa, kisha safari inaanza. Neno "msafara", lililowahi kumaanisha pembe na wapagazi, likapata maana mpya bila kubadili herufi. Nani alikaa karibu na nani wakati wa kungoja, nani alitoa chakula chake, nani aliitwa ashuke. Haya ndiyo yanayosimuliwa nyumbani mtu akifika, wala si kilomita.

Mfano wa Passau

Mfano mmoja ufafanuliwe kwa urefu. Passau ni mji mdogo wa Bavaria, mpakani mwa Ujerumani na Austria, na mabasi yanayotoka Vienna kurudi Ujerumani hupita karibu yake. Katika ratiba za ziara mji huu, ukitajwa, hutajwa kwa kanisa kuu lake. Lakini hapo mito mitatu hukutana: Danube, Inn na Ilz. Rangi zake ni tofauti, na mtu akisimama mahali pazuri anaziona zikienda sambamba kwa kitambo kabla ya kuchanganyika. Ukutani mwa jengo la halmashauri ya mji kuna alama zinazoonyesha maji yalifika wapi katika mafuriko ya karne mbalimbali. Mwezi Juni 2013 maji yalifika mita 12.89, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu mwaka 1501.

Mtalii wa kawaida hutazama alama hizo, akashangaa, akapiga picha. Mtu wa delta ya Tana angesimama hapo kwa muda mrefu zaidi, na maswali yake yangekuwa ya fundi. Maji yalikaa siku ngapi? Yaliacha tope la namna gani? Nani alilima baada yake? Kwake yeye mafuriko si balaa peke yake. Kwa vizazi vingi kilimo cha mpunga katika delta kimetegemea maji ya mto kupanda wakati wa mvua, kuingia mashambani, kisha kushuka na kuacha rutuba. Mabwawa ya umeme yaliyojengwa mbali juu ya mto huo, kuanzia Kindaruma mwaka 1968 hadi Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988, yamebadilisha mwendo wa maji hayo. Mto wenyewe umewahi hata kubadilishiwa njia kwa mikono ya watu: mfereji wa Belezoni, uliochimbwa karne ya 19, uliunganisha Tana na Ozi, na maji yakafuata njia mpya kuelekea baharini Kipini. Mtu aliyekulia kando ya mto uliohamishwa ana macho ambayo mwongoza watalii hana.

Hapa ndipo thamani ya tashbihi katika usimulizi wa safari inapoonekana. Wako wanaodhani kwamba kulinganisha Ulaya na nyumbani ni dalili ya ushamba, na kwamba msomi hutazama Vienna kama Vienna. Dai hilo halina mashiko. Asiye na mahali pa kulinganishia hana pa kusimama, na asiye na pa kusimama hukopa macho ya kijitabu cha watalii. Danube iliyoonwa na mtu wa Tana ni mto mwingine kabisa, na hakuna mwandishi wa Kijerumani anayeweza kuuandika kwa niaba yake.

Passau ina "ila" yake pia. Tangu Septemba 2015 Ujerumani ilirejesha ukaguzi kwenye mpaka wake na Austria, na basi linaloingia huweza kusimamishwa barabarani. Askari hupanda, hupita kati ya viti, hutazama pasipoti. Wanafunzi waliokuwa wakiimba dakika tano zilizopita hunyamaza. Mwanafunzi wa Kilelengwani, ambaye amewahi kutoa kitambulisho chake mara nyingi kati ya Garsen na Lamu, analijua tendo hili kuliko wenzake wote. Anajua kutoa karatasi zake kabla ya kuombwa. Anajua kutotazama nje ya dirisha. Ujuzi huo ni sehemu ya safari yake, na mahali pake ni ndani ya insha.

Kilelengwani ikitazamwa

Turudi mwezi Septemba 2012. Habari zilizoandikwa siku zile zilikuwa za kweli, na ilikuwa lazima ziandikwe, maana waliokufa walistahili kuhesabiwa. Lakini zilivyozidi kurudiwa, jina la kijiji liligeuka kuwa jina la tukio. Msomaji wa Nairobi au Dodoma aliyelisikia hakujua kwamba hapo watu huzungumza Kipokomo, lugha ya Kibantu iliyo na ujamaa wa karibu na Kiswahili. Kwamba delta hii ni kiungo cha Ozi na Kipini, ambako mapokeo yanaliweka kaburi la Fumo Liongo, shujaa na mshairi ambaye kila mwanafunzi wa fasihi simulizi anamtaja katika mtihani. Wala kwamba Mpokomo na Mworma walikuwa na masika mengi ya kuishi pamoja kabla na baada ya siku hiyo. Mtazamaji wa siku moja aliichukua "ila" akaiacha "njema".

Kosa hilo na kosa la insha ya basi ni pande mbili za sarafu moja. Mwandishi wa habari za delta aliondoka na damu tupu, na mwanafunzi wa ziara huondoka Budapest na taa tupu. Wote wawili walikuwa na saa chache, na wote walikwenda kwa kundi, ambalo lilikwisha kuamua kabla ya kufika ni kitu gani kitakachotazamwa.

Anayerudi

Shaaban Robert katika Kusadikika, kitabu kilichochapishwa mwaka 1951, alibuni wajumbe sita waliotumwa nchi sita, nao waliporudi na habari za manufaa kwa nchi yao wakatiwa gerezani. Ni kisa cha kubuni, ingawa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwandishi wa Desturi za Wasuaheli na mmoja wa wachangiaji wa mkusanyiko wa Velten, alipata kisa chake cha kweli. Alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, akaoa Mjerumani, na mwaka 1905 alipofika Dar es Salaam kwa meli pamoja na mkewe, serikali ya kikoloni haikuwaruhusu kushuka. Walirudi Ujerumani, na Mtoro alifia Berlin mwaka 1927. Mtu aliyeandika mila za watu wa pwani kwa ukamilifu kuliko mwingine yeyote wa zama zake hakupata nafasi ya kuulizwa nyumbani "Habari za safari?"

Mwanafunzi wa leo anaipata. Anashuka Minjila, anatafuta gari la kwenda upande wa Kipini, anafika Kilelengwani jioni. Anamwamkia mama yake shikamoo, anaitikiwa marahaba, mkeka unatandikwa. "Mwanangu, habari za huko?" "Njema, mama." Mama anamimina chai na kungoja. Hakuna mtu katika ua ule anayetaka kusikia urefu wa mnara wa Paris. Wanataka kujua alikula nini, nani alimcheka, nani alimsaidia, mto wa huko unafurika au haufuriki, na kwa nini wenzake walikwenda London na yeye akabaki.